Njugu za Sondu

Jumapili, 6 Aprili 2025

Mtoto ametimiza miezi sita wiki hii. Uji wa wimbi anaupokea vizuri, viazi vitamu anatema nusu. Leo tuliporudi kanisani, tukiwa bado mezani, baba watoto aliuliza kinachofuata ni nini, nikasema njugu. Mama mkwe akatua kikombe chini. "Njugu? Na huyu hata jino hana!" Nikamweleza kwamba sisemi punje, nasema njugu zilizosagwa laini kabisa na kukorogwa ndani ya uji. Hakunijibu. Mama akinyamaza namna hiyo najua mazungumzo hayajaisha.

Naandika ili nijipange. Haya ninayowaambia akina mama pale zahanati kila wiki, sasa nayafanya kwa mwanangu, na mwanangu ana jambo ambalo watoto wengi wanaopita mikononi mwangu hawana: ukurutu. Ulianzia mashavuni akiwa na miezi mitatu, ukashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Si ule mkali wa kutoa majimaji, lakini usiku anajikuna mpaka anaamka analia. Mtoto mwenye ngozi kama hiyo ndiye aliye karibu zaidi na mzio wa chakula. Kwa hiyo ndiye anayefaa kupewa njugu mapema, wala si wa kucheleweshewa. Nikisema hivyo watu hunitazama kana kwamba nimekosea.

Jumanne, 8 Aprili

Mama mmoja kutoka upande wa Cheborge ameniletea karatasi aliyotumiwa na dada yake aliye Nairobi. Imekunjwa mpaka maandishi ya katikati yamefutika. Inasema maziwa ya ng'ombe mpaka mwaka mmoja, mayai mpaka miaka miwili, njugu na samaki mpaka miaka mitatu. Aliniuliza, "Sista, nifuate hii au nifuate wewe?"

Naijua asili ya karatasi hiyo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri huo kwa watoto wa familia zenye historia ya mzio. Uingereza walikuwa wametangulia na onyo lao la njugu mwaka 1998. Marekani waliuondoa ushauri huo mwaka 2008 na Uingereza mwaka uliofuata, kwa kuwa watoto walinyimwa njugu na mzio haukupungua. Ushauri ulifutwa, karatasi hazikufutwa. Hii imezunguka dunia miaka yote hiyo mpaka ikafika kwenye mkoba wa mama wa Bureti.

Jioni nilimweleza baba watoto kisa chote, kwa sababu yeye hutaka kujua jambo limetoka wapi. Mwaka 2008 watafiti waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wale wanaoishi Israel. Asili yao ni moja, ila mzio wa njugu Uingereza ulikuwa asilimia 1.85 na Israel asilimia 0.17. Watoto wa Israel huanza kula njugu wangali wachanga, wengi kwa kitafunwa kiitwacho Bamba kinachoyeyuka mdomoni. Basi profesa Gideon Lack na wenzake wa King's College London wakachukua watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na moja, wote wakiwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai, au vyote viwili. Kundi moja likalishwa njugu kila wiki, jingine likaepushwa nazo kabisa mpaka umri wa miaka mitano. Majibu yalitoka mwaka 2015. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili mwanzoni, walioepushwa walipata mzio asilimia 13.7; waliokula, asilimia 1.9. Mwaka jana wakatangaza kwamba hata walipofika utineja kinga ile bado ipo, ingawa baada ya umri wa miaka sita kila mmoja alikuwa ameachwa ale atakavyo.

Maelezo ya Lack ndiyo yaliyonigusa zaidi. Ngozi iliyopasuka kwa ukurutu hupitisha chembe za chakula, na chakula kikiingia kwa njia hiyo mwili hukichukulia kuwa adui. Kikipitia tumboni, mwili hujifunza kukivumilia. Nikatazama kochi letu. Kaka mtu hulala hapo akitafuna njugu jioni nzima, maganda mekundu yamejaa kwenye mito, na mdogo wake hutambaa juu yake mashavu yakiwa wazi. Njugu zilishamfikia zamani. Kilichobaki ni kumpa njia iliyo sawa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama mkwe alienda soko la Sondu akarudi na njugu, zile ndogo nyekundu zinazoletwa na wanawake wa upande wa Oyugis. Hakuniambia kwamba amekubali. Alizimwaga tu kwenye ungo, akavuta kigoda, akaniambia nikae.

Tulichambua mpaka giza likaingia. Mvua ilikuwa imepiga tangu saa nane, na majani ya chai ya leo yalichumwa yakiwa yamelowa chapachapa. Alianza kwa kutoa mawe na vijiti, nami nikamwonyesha ninazozitafuta: zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye doa la kijani au jeusi pale punje inapogawanyika, zilizoanza kuota. Nyingine kwa nje ni nzuri mno, ukiipasua kwa ukucha unakuta unga wa kijivu ndani. Mama ana macho kunishinda. Aliweza kuiona mbaya kabla hajaigusa, kwa jinsi ngozi yake ilivyofifia tu. Tulipata gao zima la mbaya. Akataka kuwarushia kuku, nikamwomba asifanye hivyo, kwa sababu sumu ya ukungu haiishii kwa mnyama aliyeila. Ng'ombe akila chakula chenye ukungu, sumu hutokea kwenye maziwa. Tukazitia motoni.

Jambo hili karatasi za Ulaya hazilitilii mkazo, na kwetu ndilo la kwanza. Mtoto wa hapa Roret anayepewa njugu yuko karibu na sumukuvu kuliko alivyo karibu na mzio. Sumukuvu hiyo, aflatoksini, iligunduliwa kupitia njugu: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na chanzo kikaonekana ni mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil. Hapa Kenya tuliiona kwenye mahindi mwaka 2004, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Ile ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini, na mtoto ana mwili mdogo wa kuibeba. Sheria yetu hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo, ila soko la Sondu halina mashine ya kupimia wala ungo wangu hauna. Kukaanga hakuimalizi. Kilichopo ni kununua njugu kavu za msimu mpya, kuzichambua punje kwa punje, na kuziweka pakavu. Hapa kwetu ambako hata chumvi hulowa ndani ya kopo, hilo la mwisho ndilo gumu. Tumekubaliana kusaga kidogo tu, za wiki moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo amekula.

Niliichagua asubuhi ya siku ya kazi makusudi. Nilikuwa na zamu ya mchana, zahanati iko wazi, na kijana wa bodaboda wa hapo jirani nilimwomba asiende mbali. Chumba chochote tunachochanjia watoto lazima kiwe na adrenalini, kwa hiyo nilijua dawa iko umbali gani kutoka mlangoni kwangu. Jioni nisingethubutu, barabara hii mvua ikinyesha hata pikipiki hukwama. Pia nilihakikisha hana homa wala mafua, ili akitapika nisibaki nikikisia.

Njugu nilizikaanga jana kwa moto mdogo, tukazipukuta maganda, tukapepeta, nikasaga kwenye blenda mpaka zikatoa mafuta zenyewe. Sikutia chumvi wala sukari. Mama alitaka tone la asali, nikakataa, maana asali haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja. Vijiko viwili vidogo vya siagi hiyo nikavilainisha kwa maji ya moto, vikapoa, nikakoroga kwenye uji. Siagi ya njugu ikiwa nzito hugandama kwenye koo la mtoto na kumziba pumzi, kwa hiyo niliikoroga mpaka ikadondoka yenyewe kutoka kwenye kijiko.

Nilimpaka mafuta ya mgando kuzunguka midomo ili uji usichome ngozi yake, nikampa ncha ya kijiko. Alikunja uso, akausukuma kwa ulimi, kisha akaurudisha ndani, akanitazama. Nikangoja dakika kumi. Mama alisimama nyuma yangu bila kusema neno. Kidevuni palitokea alama nyekundu na moyo ukanipiga, nikamfunua tumbo na mgongo kutafuta vipele, nikasikiliza kifua. Hapakuwa na kitu. Alama ile ilikuwa ya kitambaa tulichomfutia, ikapotea. Nikaendelea kijiko kwa kijiko. Baadaye nilikaa naye macho kwa saa mbili, sikumlaza, kwa sababu mzio mwingi wa chakula hujitokeza katika muda huo: vipele vinavyovimba kama vya siafu, midomo au macho kufura, kutapika mara kwa mara, kikohozi cha ghafla, kupiga miluzi kifuani, kulegea. Dalili za ngozi peke yake tunazitazama kwa makini. Pumzi ikiguswa, au mtoto akilegea, ni sindano ya adrenalini pajani mara moja, na safari ya hospitali ikiwa imeshaanza.

Mama aliondoka kwenda kuchuma majani saa nne. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Kesho mpe tena." Nikamwambia keshokutwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Njugu zimezoeleka. Anakula mara tatu kwa wiki, vijiko viwili vidogo kila mara, ambavyo vinakaribia kiwango walichotumia London, gramu sita za protini ya njugu kwa wiki. Jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi ni hili: kuonja mara moja na kuacha hakutoshi. Mwili unahitaji kukumbushwa.

Vita sasa ni vya yai. Njugu Mama alikuwa anaziogopea jino tu. Yai analiogopea ulimi: mtoto akila yai kabla hajasema, atachelewa kusema. Alilelewa hivyo, akalea hivyo, na watoto wake wote wanaongea vizuri, kwa hiyo ushahidi anao. Sikumkabili kwa vitabu. Nilimwuliza, "Mama, yule wa shangazi aliyechelewa kusema, alikula mayai?" Akafikiri, akasema hapana, kwao hawakuwa na kuku. Tukaachia hapo.

Kwa mtoto wa ukurutu yai lina uzito wake. Wajapani walitoa utafiti mwaka 2017: watoto wenye ukurutu, wakianza miezi sita, walipewa unga wa yai lililopikwa kwa kiasi kidogo sana, huku ngozi zao zikitibiwa ipasavyo. Walipofika mwaka mmoja, asilimia 8 walikuwa na mzio wa yai. Wenzao waliopewa unga usio na yai walikuwa asilimia 38. Hilo la kutibu ngozi lisisahaulike. Mimi humpaka mafuta mara tatu kwa siku, na dawa aliyoandikiwa na daktari wa watoto mjini Kericho natumia siku ngozi inapowaka, wala sisubiri ijitibu.

Yai nalichemsha mpaka kiini kikauke, naliponda na viazi. Yai bichi au la kuivaivia simpi. Leo Mama mwenyewe, Kogo wake, ndiye aliyelimenya.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, mvua, niko nyumbani. Nimemkumbuka mtoto mmoja wa Turkana, zamani nikiwa nimepangiwa kazi kule. Mama yake alitembea usiku kuja kambini. Tulimpa kile kipakiti cha chakula cha tiba, gramu 92, kalori 500, tukatazama kama ana hamu ya kula, maana mtoto mwenye utapiamlo mkali asiyeweza kukila hulazwa. Mtoto alikikamua kwa mikono miwili mpaka kikawa bapa, kisha akaiweka pembe yake mdomoni, akafyonza.

Kile ni njugu. Daktari Mfaransa André Briend na kampuni ya Nutriset walikitengeneza mwaka 1996: njugu zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakitaki maji wala jiko, na bakteria hawazai ndani yake kirahisi. Kabla yake watoto wale walilazwa wodini wiki nyingi. Sikuwahi kuona mmoja aliyefura midomo kwa kukila, ingawa sitajenga hoja juu ya hilo. Mwili uliochoka vile haupigani na chochote. Ila kila mtu anaponiambia njugu si chakula cha mtoto, naiona ile mikono.

Jumapili, 18 Mei

Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yapo ndani ya uji, ngano amepata kwenye chapati niliyoloweka. Omena nilizisaga mwenyewe. Shemeji alipozisikia harufu alitoka nje, yeye samaki hajawahi kula na hataki kuanza. Mtoto alikula. Mursik, maziwa yetu ya mgando, inangoja, Mama amekubali.

Niandike jambo la unga. Hapa sokoni kuna unga wa uji wa mchanganyiko, akina mama huupenda: mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu, omena, vyote vimesagwa pamoja kinuni. Nia ni njema na sipendi kumkatisha tamaa mama aliyeweka pesa zake pale. Lakini kwa mtoto anayeanza kula, ukimpa vyote siku moja na akatoa vipele, utajuaje ni kipi? Na gunia moja likiwa na ukungu, unga wote una ukungu, wala huwezi tena kuchambua. Soya nayo haiivi sawa na wimbi. Nawaambia wasage kila kimoja peke yake, waanze kimoja baada ya siku kadhaa, na vikishazoeleka ndipo wavichanganye sufuriani.

Na chai. Tunaishi katikati ya majani, kila nyumba ina birika jikoni, na mtoto wa miezi saba hupewa chai ya maziwa na mkate kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na umri huu ndio mtoto anapoyahitaji zaidi. Mama anayeshinda akichuma majani haya ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi, hata kama ndiyo yanayotulisha sote.

Jumamosi, 31 Mei

Kaka mtu amerudi kutoka dukani na njugu za kukaanga ndani ya kikaratasi, na kwa upendo wake wote akamtia mdogo wake punje mbili mdomoni. "Si anakula njugu, mama?" Nilimwinamisha mtoto, nikazitoa kwa kidole kwa kuwa zilionekana mbele ya ulimi. Zingekuwa zimeshuka nisingeingiza kidole, maana kidole huzisukuma zaidi. Ningemlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini, nimpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja, kisha nimgeuze, nimbonyeze kifua mara tano, na kurudia.

Sikumgombeza kijana. Nilimkalisha tukaongea: punje nzima ni mpaka mdogo wake afikishe miaka mitano, kama yeye. Nimegundua kwamba hili sikuwa nalisisitiza kliniki. Mama akisikia "mpe njugu", watoto wengine nyumbani nao husikia.

Jumatano, 18 Juni

Baridi imeingia, majani yamepungua, na kliniki imejaa kwa kuwa akina mama wana nafasi. Yule wa Cheborge amekuja tena, mbio, kabla ya foleni. Mtoto wake ana miezi minane. Alifuata ninayosema, akaanza njugu, mtoto akazipokea vizuri. Leo asubuhi alimpa yai la kuchemsha kwa mara ya kwanza, na ndani ya robo saa vipele vikatoka shingoni na tumboni, akatapika mara moja.

Pumzi ilikuwa safi, anacheka, anashika kalamu yangu. Nilimpa dawa ya mzio ya maji, nikamweka kwenye benchi mbele yangu zamu nzima huku sindano iko tayari mezani. Vipele vilishuka kufikia saa saba. Kumbe wapo, hata kwetu. Afrika Kusini waliwapima watoto wa Cape Town wa mwaka mmoja hadi mitatu wakakuta asilimia 2.5 wana mzio wa chakula, yai likiongoza. Vijijini Eastern Cape ilikuwa asilimia 0.5. Ni wachache, lakini ninayekutana naye benchini si asilimia.

Mama wa mtoto alikuwa analia. Alisema angefuata ile karatasi. Nilimweleza taratibu kwamba kuchelewesha yai kusingemwondolea hatari hiyo, pengine kungeizidisha, na kwamba alichofanya asubuhi ndicho hasa tulichofundishana: yai peke yake, kiasi kidogo, si usiku, akimtazama. Ndiyo maana sasa tunajua ni yai. Aliniuliza kama aache na njugu. Hapana. Njugu anazivumilia, akiziacha anaweza kupoteza alichokipata. Chanjo zake ataendelea nazo kama kawaida. Keki na mandazi yenye yai asijaribu mpaka aonwe, na nimempigia simu daktari wa watoto Kericho, atampokea wiki ijayo.

Kwenye kijitabu chake cha mama na mtoto nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, ili yeyote atakayemhudumia asome: YAI – ASIPEWE MPAKA AONWE NA DAKTARI. Chini yake, kwa ukubwa uleule: NJUGU – ANAKULA, AENDELEE.